Dawa ya Kupe Kichwani mwa Orpah

Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu Nakaloke, na chawa walikuwa tele. Orpah, mtoto wa miaka minne, alijikuna kichwa mpaka damu. Mama yake, Maximilla, aliumia roho. Ndani kulikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akawaza: kama inaua kupe, chawa ni nani? Akampaka kichwani bila hata kuchanganya na maji. Usimcheke, msomaji. Wengi walifanya hivyo.

Hata chai iliyokuwa jikoni haijachemka, Orpah akaanza kutokwa mate mengi. Akatapika. Jasho likamtiririka, mwili ukatetemeka.

Jirani yao Gaster, bwana mifugo, alisikia yowe akaja mbio. Alinusa kichwa cha mtoto, akaelewa. Aliagiza Orpah avuliwe nguo, akaleta kipande chake cha sabuni, wakamwosha kwa maji mengi. Maximilla naye akanawa mikono. Kisha Gaster akafungua kitabu chake kinene cha tiba ya mifugo.

"Sumu hii ina dawa yake, na ninayo," alisema. "Lakini kitabu changu kinataja kipimo cha ndama. Cha mtoto sikijui, na sitabahatisha. Mariat, muuguzi wa zahanati ya Malukhu, mjini Mbale, ana kitabu cha tiba ya watu. Beba na chupa ya dawa ya kupe, aone ni sumu gani."

Wakapanda pikipiki ya Gaster na mtoto. Karibu na Mbale, kwenye kizuizi, askari alifungua mkoba wa Gaster wenye dawa.

"Hii sindano ya nani?"

"Ya ng'ombe, afande."

"Na hii toto ni ng'ombe?"

Gaster alieleza, lakini askari alisema hayo ni magendo, mkoba utabaki. Orpah alikuwa anapumua kwa shida. Maximilla akashuka, akamfunga mtoto mgongoni mwa Gaster kwa leso.

"Afande, mtoto anakufa," alisema. "Wacha bwana huyu aende na dawa. Mimi nabaki hapa. Asiporudi, nifunge mimi."

 Askari akarudisha mkoba, akafungua njia.

Zahanatini dawa ile ya kuondoa sumu ilikuwa imekwisha; ilibaki ya Gaster tu. Mariat alisoma maandishi ya chupa zote mbili, ya kupe na ya Gaster, akampima Orpah uzito, akatafuta kipimo cha mtoto kitabuni mwake. Ndipo akamchoma sindano. Aliongeza dawa kidogo kidogo, kama kitabu kilivyoelekeza, mpaka mate yakapungua.

Maximilla hakuyajua hayo. Alikaa kando ya barabara akijilaumu, akiogopa kila pikipiki iliyotoka mjini. Jioni Gaster alirudi peke yake. Maximilla akainuka.

"Yu hai," Gaster alisema. "Mariat amemlaza."

Maximilla akalia mbele ya askari bila haya.

Orpah alirudi nyumbani amenyolewa, na chawa wakaisha. Dawa za ng'ombe zikaanza kufungiwa kwa kufuli. Baadaye jirani mwingine, Selpher, alikuja kuomba dawa ya kupe kidogo. Mwanawe alikuwa na upele.

"Mimi nilikaa barabarani nikingoja maiti ya mtoto wangu," Maximilla alimwambia. "Mbebe mwanao, twende kwa Mariat."