Vidonge vya Bibi Serafina

Kila siku baada ya masomo, Ikram alipitia kwenye duka la dawa la mama yake, karibu na soko la Chanika mjini Handeni. Alichukua kitambaa akafuta vumbi jekundu lililotanda kwenye vioo, kisha akaketi nyuma ya kaunta na madaftari yake. Mkono uliandika, lakini masikio yalikuwa kwa wateja.

Mama yake, Mwantumu, alikuwa mfamasia, na watu walimwamini. Mteja akiomba dawa ya bei nafuu, Mwantumu alibetua midomo. "Ipo," alisema, "lakini rahisi huvunja upishi. Chukua hii yenye jina linalojulikana." Wengi walichukua yenye jina. Ikram aliyasikia maneno hayo mpaka yakawa yake.

Siku moja wakati wa mapumziko, rafiki yake Elina alimwonyesha pakiti ya vidonge.

"Ni vya bibi, vya presha," alisema. "Zamani alipewa vya rangi ya waridi. Safari hii hospitali wamempa hivi vyeupe, na jina ni jingine. Ana wasiwasi. Kaniambia nikuulize wewe, maana mama yako ni mtaalamu."

Wanafunzi wengine walisogea kusikiliza. Ikram aliigeuzageuza ile pakiti, akabetua midomo.

"Hivi ni vya rahisi. Rahisi huvunja upishi."

"Kwa hiyo asinywe?"

Ikram hakujua. Lakini kusema "sijui" mbele ya wenzake kulimshinda. "Angoje vile vyenye jina," alijibu.

Bibi Serafina alingoja. Aliviweka vile vidonge vyeupe kabatini, akisema atanunua vingine akishauza mahindi. Kwa kuwa hakuhisi maumivu yoyote, alidhani yu mzima.

Wiki zikapita. Asubuhi moja kiti cha Elina kilikuwa kitupu. Mwalimu Simeo aliingia darasani uso umemshuka. "Bibi yake Elina ameanguka shambani," alisema. "Presha imempanda, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Tumwombee."

Siku nzima Ikram hakusikia lililofundishwa. Alipofika dukani hakugusa kitambaa, alisimama tu mlangoni akilia.

"Kuna nini, mwanangu?" Mwantumu alishtuka.

Ikram alisimulia yote. Mama yake aliwaka. "Nani alikutuma kuwashauri wagonjwa? Nani alikwambia vile vidonge ni vibaya?"

"Wewe, mama," Ikram alisema kwa sauti ndogo. "Unawaambia watu kila siku."

Mwantumu aliketi taratibu, viganja usoni.

"Mama, kwani ni vibaya kweli?"

"Hapana," alijibu, akishusha viganja. "Ni dawa ile ile. Kinachotibu ndani yake ni kile kile, tofauti ni kiwanda, rangi na jina. Imepimwa, ikaruhusiwa. Nilifundishwa hayo chuoni."

"Sasa kwa nini unasema vile?"

"Yenye jina ina faida kubwa. Nikasema mara ya kwanza, nikazoea."

Ikram alimtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu vizuri. Mwantumu aliinuka, akafunga duka jua lingali juu, wakaenda hospitali.

Bibi Serafina alikuwa amelala, mdomo umepinda kidogo. Elina aliwaona akageuzia uso ukutani.

"Shikamoo, bibi," Ikram alisema. "Nilimwambia Elina jambo nisilolijua. Nisamehe."

Mwantumu alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, mtoto aliyatoa maneno hayo kinywani mwangu. Dawa uliyopewa ilikuwa nzuri, na mimi nilijua."

Maneno yalimtoka bibi kwa shida. "Mimi sikusoma, mama. Sisi tunashika mnachosema ninyi. Mkitudanganya, tutamuuliza nani?"

Mwantumu aliinamisha kichwa, machozi yakidondoka kwenye shuka. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ikram, jambo usilolijua, sema hujui. Hakuna aibu. Na unalolijua, liseme kama lilivyo, hata kama uongo una faida. Kuanzia kesho kila mteja wangu atausikia ukweli, achague mwenyewe. Nawe ukiniona nateleza, nikumbushe."

Muuguzi alifika na dawa za jioni. Daktari alikuwa amesema mkono ungepata nguvu polepole, iwapo bibi angemeza vidonge vyake kila siku bila kuruka. Vilikuwa vyeupe. Elina alimimina maji kikombeni, akasita. Bibi hakuweza kukaa peke yake.

"Njoo," Elina alimwambia Ikram bila kumtazama. "Mshike mgongo, nimnyweshe."

Ikram alisogea haraka, akamwinua bibi kwa mikono miwili.