Pindo la Koplo

Ulikuwa mwisho wa mwezi, na ujia wa mafundi cherehani haukuwa na pa kuweka mguu. Koplo alipenya katikati ya watu akiwa na blauzi ya manjano na buti za jeshi, mkononi ameshika suruali ya sare iliyomzidi urefu. Stoo ya kambi ilikuwa na saizi za wanaume tu. Fundi wa meza ya nne alimwambia asubiri kama raia wengine.

"Raia wasubiri," akasema Koplo, akaketi juu ya meza yake. "Mimi nalinda foleni."

Fundi akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Wiki mbili baadaye Koplo alirudi, pindo alilomshonea siku ile limeachia. Fundi akalishona upya, wakaanza kupigiana simu kila jioni. Aliporudi mara ya tatu na suruali ile ile, fundi aliisogeza kwenye mwanga. Uzi haukukatika, ulikatwa. Akaamini kuna fundi mwingine anayefumua kazi yake, na penye fundi mwingine hapakosi mwanamume mwingine. Alimtolea maneno mazito, akalipinda pindo kwa nyuzi tatu, akamrushia suruali. Siku tatu baadaye kikosi cha Koplo kikapelekwa vitani, mpakani.

Mwezi ukapita kabla simu haijaita.

"Fundi wangu, bado umenuna?"

"Nani alifumua?"

"Mimi, kwa wembe wa kambini. Ningekuja kwako kwa kisingizio gani, na mshono wako hauachii?"

Fundi akamwambia kwamba akirudi likizo, yeye ataenda kwa mama yake kumposa, kama yuko radhi.

"Nitakuletea suruali," Koplo akasema. "Ukikuta imefumuliwa, jibu ni ndiyo."

Likizo ilikuwa ianze Ijumaa. Jumatano kombora liliangukia foleni ya maji, likaua askari wanne. Fundi alilisoma jina la Koplo gazetini, kama msomaji yeyote. Kwao Koplo hakuna aliyemjua, hata wa kumpa pole hakuwa naye.

Baada ya mazishi mama yake Koplo alikuja kwa fundi na mfuko wa vitu vilivyorudishwa na jeshi. Kesho yake kungekuwa na kumbukumbu kambini, na sare ingelazwa mezani kando ya picha. Alieleza kwamba mwanawe alizoea kushonesha hapa, akaomba suruali ipindwe, jeshi lisije likaona uchafu.

Miguu yote miwili ilikuwa imefumuka. Fundi aliziangalia nyuzi tatu, zimekatwa sawasawa kwa wembe. Akishona, atabaki fundi tu, na hakuna atakayejua lolote.

"Mama, pindo hili silishoni."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akamweleza tangu meza ya nne hadi wembe, bila kuongeza neno. Mama alizipapasa ncha za uzi kwa muda mrefu.

"Kwetu ulikuwa uje lini?"

"Akirudi."

"Basi njoo kambini kesho, saa tatu. Ukae upande wetu."

Kesho yake fundi alikaa kiti cha pili, kando ya mama, mikono magotini. Afande aliyekuwa akipanga meza aliliona pindo linaning'inia, akainama alikunjie ndani.

"Acha, afande," mama akasema. "Fundi wake yupo."