Roboti Zilizoacha Kupita kwa Nduta

Ghala la parachichi mjini Nyeri lilikuwa limejaa wafanyakazi asubuhi ile Kingori alipoziwasha roboti zake, vigari vifupi vya kubeba kreti vinavyoongozwa na programu aliyoiandika mwenyewe. Ya kwanza ilienda vizuri hadi kwenye meza ya Nduta, mmoja wa wapakiaji, ikasimama kabisa.

"Songa kidogo, madam. Ikiona mtu mbele haipiti."

"Ati nisonge? Si ni hiyo imenipata hapa!"

Nduta alikuwa na aproni ya kijani na kitambaa cha manjano kichwani, na alivyocheka, Kingori akasahau alichotaka kubonyeza.

Tangu siku hiyo roboti zikawa zinakwama hapo karibu kila asubuhi. Kingori anakuja na kompyuta yake, wanataniana, wanakunywa chai, na jioni ni simu mpaka sikio liwake moto. Ghala zima lilijua Nduta anaziingilia njia makusudi. Msomi wetu peke yake ndiye hakujua, maskini.

Akamhurumia mpenzi wake kwa kusumbuliwa na roboti. Wikendi nzima akaibadilisha programu ili roboti zote zizunguke mbali na meza hiyo. Jumatatu Nduta akasimama njiani, midomo imepakwa rangi mpya, na hakuna roboti iliyokuja, wala Kingori. Iliuma. Kama amemchoka, si angesema tu? Akaacha kushika simu zake hadi Alhamisi.

"Beb, kwani nimekosea wapi?" Kingori akauliza Nduta alipopokea hatimaye. "Si nimekutolea ile shida?"

"Kumbe mimi ni shida?"

"Si roboti zilikuwa zinakusumbua?"

"Kingori, ni mimi nilikuwa nazisimamisha! Ungekuja aje?"

Kingori akaona aibu, kisha furaha ikamjaa kifua kizima.

"Basi nirudishe njia ya kwanza?"

"Wacha. Nimechoka kukutafutia sababu. Kama unanitaka, kuja tu."

Kesho yake saa ya chakula akaja, mikono mitupu, shati limepigwa pasi, akapita katikati ya wapakiaji wote.

"Nduta, nilete wazee kwenu Gakindu lini?"

Wamama wakapiga vigelegele. Nduta alijifuta machozi kwa aproni, akatoa simu na kupiga hapo hapo.

"Mami, uko shamba? Toka kwa hiyo kahawa kidogo, uketi chini. Kuna mtu hapa anauliza mtakuwa nyumbani lini."