Safu ya Nyasi

Kosa lenyewe lilikuwa la kalamu tu, tena la sekunde mbili. Jioni ile Jicho alirudi maabara kumalizia sampuli ya mwisho, lakini mawazo yake yote yalikuwa nyumbani kwa jirani, alikomwacha binti yake wa miaka sita akichemka homa.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu mkaa. Si wa kupikia, la! Mkaa wa kale, chembe ndogo kama punje za mchanga, zilizozama ziwani baada ya mioto ya zamani na kufunikwa na tope. Tope huchimbwa kwa bomba refu, hukatwa vipande, huoshwa kwenye chujio, na chembe nyeusi huokotwa kwa ncha ya brashi na kuhesabiwa kwa hadubini. Kila kipande na miaka yake. Fomu ina safu mbili tu: nyasi na miti. Miti ikizidi, ujue palikuwa na msitu ukateketea. Nyasi zikizidi, ujue mvua zilikuwa haba na mbuga ikawaka. Hakuna aliyeyasoma hayo vizuri kuliko yeye, ndiyo maana wenzake wakambatiza Jicho.

"Usilambe brashi," Bi Chujio alisema bila kugeuka.

Huyu ndiye mama aliyeosha tope. Tangu Jicho aajiriwe, hajawahi kumpa hata salamu ya kueleweka.

Jicho akalamba. Ncha isipolowana haiokoti kitu, na wote hulamba, wakubali wasikubali. Safari hii akasikia chumvi mdomoni. Na mafuta...

Akainama kwenye hadubini.

Jino.

Jeusi, limeungua, lakini jino la mtu. Na pembeni yake jingine, dogo mno... jino la utotoni.

Alijua utaratibu. Ukikuta mtu kwenye tope, kazi inasimama, mkuu anaitwa, na maelezo yanaandikwa mpaka mchoke. Na binti yake mwenye homa je? Potelea mbali! Akashika kalamu, akaongeza mbili kwenye safu ya nyasi.

"Umeandika nini?" Bi Chujio akanong'ona.

"Nilichokiona."

"Haya." Alimtazama kwa chuki ya waziwazi, kama mtu aliyetukaniwa mzazi wake.

Kwa jirani, binti alimkimbilia, kisha akarudi nyuma. "Mama, unanuka moshi."

Homa ilikuwa imekwisha. Imekwisha kabisa, kama iliyotolewa kwa mkono. Jicho alishukuru, akambeba mpaka chumbani kwao, akarudishia mlango.

"Mbona umewafungia nje?" mtoto akauliza.

"Kina nani?"

"Uliokuja nao. Yule mtoto na mama yake."

Jicho akafungua. Ukumbi mtupu. Lakini harufu ilimpiga usoni, ya majani makavu yanayoungua, na chini yake nyingine... ya nywele.

"Wana hasira na wewe," mtoto akanong'ona. "Wanasema wao si nyasi."

Moyo ukamlipuka paa! Nani alimwambia mtoto habari za nyasi? Akaufunga mlango, akaweka kitanda mbele yake, akamkumbatia mwanawe. Nje kitu kikaanza kukwaruza mbao.

Kr... kr... kr...

Chini kabisa. Kimo cha mkono wa mtoto.

Kulipokucha kukwaruza kulikoma. Jirani alikuwa ameshatoka, mtoto amelala fofofo, na mkuu huchukua fomu saa mbili kamili. Jicho alikuwa na jambo moja tu kichwani: kufuta ile mbili, wale watu wamwache mwanawe. Dakika kumi za kwenda, kumi za kurudi. Aliogopa kile kitu kisije kikaingia asipokuwepo, kwa hiyo alitia kufuli kubwa mlangoni, akalivuta mara tatu, akatia ufunguo mfukoni.

Bi Chujio alikuwa ameshafika. Jicho akainyakua fomu, akafuta, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: WATU 2. Aliikandamiza kalamu hata karatasi ikachanika.

"Mwenzako aliyekalia kiti hicho kabla yako naye alirudi kufuta," Bi Chujio alisema. "Unafikiri nafasi hii uliipataje?"

"Alikwenda wapi?"

Yule mama akasukuma kisahani mbele ya Jicho. "Tope la juu kabisa. La mwaka huu. Hesabu."

Jicho hakutaka, lakini jicho lake lilishafika kwenye hadubini.

Meno mawili, yameungua. Dogo na kubwa. Lile kubwa lilikuwa gego lililozibwa kwa madini ya daktari wa meno, na ukingo wa kushoto wa zibo umemeguka.

Taratibu akapeleka ulimi nyuma ya kinywa chake. Gego. Zibo. Ukingo wa kushoto...



"Niandike nini?" Bi Chujio akauliza, kalamu tayari. "Nyasi?"

"Wale wa kale," Jicho akanong'ona, "moto uliwakutaje? Kwa nini hawakukimbia?"

"Mwenzako ndiye aliyeniambia, baada ya wale wa kale kumwambia." Bi Chujio akafunika kalamu. "Walifungiwa kwa nje."

Jicho akatia mkono mfukoni kuutafuta ufunguo.

Ulikuwa unaunguza.