Pini Kwenye Pindo la Suruali

Komeo la bafuni liligonga, tak, mara ya tano tangu walale, na nje bado giza. Fundi cherehani alikuwa akihesabu kitandani. Mumewe hujifungia humo kumpigia simu nani?

Walikutana kwenye foleni ya benki, yeye na gauni lake la maua ya njano, kijana na koti la kazi lililojaa manyoya. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Siku hiyohiyo Fundi akambandika jina, Daktari wa Paka, na kabla mwaka haujaisha wakaoana.

Kulipopambazuka Fundi alimsimamisha mumewe juu ya stuli, amkunjie pindo la suruali mpya.

"Ana jina, huyo wa bafuni?"

"Simu naiacha kitandani, mke wangu. Au nampigia kwa sabuni?"

Fundi akacheka, mkono ukateleza. Pini ikazama kwenye shavu la mguu, damu ikachuruzika. Mume hakushtuka. Alitazama ukuta kama mtu aliyeondoka akauacha mwili umesimama.

"Hujaumia?"

"Kuumia na nini?"

Fundi akakaa sakafuni, akamwonyesha damu.

"Ni ketamini," mume alisema hatimaye, taratibu. "Ile dawa ya usingizi tunayowachoma paka kabla ya kuwapasua. Nilianza mama alipofariki. Inanitoa mwilini kidogo. Sasa nikikojoa ni kama wembe. Leo nimeona damu."

Fundi hakumfokea. Alimfuta mguu kwa kitambaa safi, akamfunga viatu.

Kwenye kliniki, muuguzi mtu mzima aliwasogezea viti karibu naye.

"Inakata maumivu, inakata na kumbukumbu. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama. Kibofu chako kinasinyaa. Ukiacha sasa huenda kikapona. Ila usijaribu peke yako nyumbani. Hamu na huzuni vitakurudisha."

"Huenda?" Fundi aliuliza.

"Huenda, mwanangu. Sitakudanganya."

Mume alilazwa siku hiyo. Jumapili Fundi alimpelekea suruali, pindo limekamilika. Mume alikuwa amekonda, na ndani ya saa moja alikwenda chooni mara mbili. Fundi alihesabu. Mume aliporudi, Fundi akamfinya mkono.

"Unaniumiza, Fundi."

Akamfinya tena.

"Mwanamke una roho mbaya wewe."

Wakacheka, machozi yakimlengalenga Fundi. Kengele ya kuwaaga wageni ikalia. Mume akalishika gauni la mkewe la maua ya njano, hakuliachia.

"Usiku natamani kutoroka. Jumapili ijayo uje tena, mpenzi. Hata kunifinya tu."