Kompyuta Iliyokuwa Kimya Mno

Hebu niambie, ukienda kununua kompyuta ya kurekodia muziki nyumbani, unaangalia nini kwanza?

Utasema RAM. Utasema processor, kwa sababu ndivyo wanavyosema huko mtandaoni watu wenye studio za zulia hadi ukutani. Mimi mwenye digrii ya uhandisi wa sauti, digrii ambayo mpaka leo imenizalia barua za kunyimwa kazi, "we regret to inform you" tu, nilikuwa nawaambia watu waangalie feni. Chumba chetu ni kimoja, maiki na kompyuta vinakaa meza moja. Feni ikinguruma inaingia ndani ya wimbo, na kuitoa ni kazi ya kutoa chumvi baharini. Tafuta mashine iliyo kimya, nilisema.

Siku hizi sisemi tena.

Mwimbaji ni dada yangu. Mimi ni yule anayemaliza sukari ya nyumba. Redio moja ilikuwa inatafuta sauti ya kuajiri, ya kuimba nyimbo za matangazo, wakampigia simu atume wimbo mmoja safi kabla ya asubuhi. Ajira ya kudumu, jamani. Na kompyuta yetu ya zamani ikachagua mchana huohuo kukata roho. Dada akanikabidhi akiba yake yote, akaniambia, "Haya, Injinia wa kitandani. Leo digrii yako ifanye kazi."

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye lile duka la kompyuta zilizotumika, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Muuzaji alikuwa mzee mnene, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nikamwamkia. Alinionyesha rafu kwa kidole.

Nikaziwasha moja moja. Hii inakoroma kama shemeji aliyeshiba. Ile inalia kama nzi ndani ya chupa. Nilikuwa karibu kuondoka... ndipo nikaiona moja pembeni, imefunikwa kitambaa cheusi.

Nikaiwasha. Nikaweka sikio.

Hakuna kitu.

Nikaweka kiganja kwenye matundu ya feni. Hewa ilikuwa inatoka. Ya baridi. Yenye harufu... harufu ya kinywa cha mtu aliyetoka usingizini.

Nikachomeka maiki, nikavaa hedifoni, nikarekodi kimya cha duka. Ndivyo tunavyopima: unanyamaza, unautazama mstari kwenye skrini, ukitikisika ujue kuna kelele. Mstari ulinyooka kama uzi. Na hapo nje fundi alikuwa anagonga chuma kwa nyundo, kila pigo linanitetemesha meno. Mtu asiyesoma angetimua mbio. Mimi msomi nikafurahi.

Mzee akaniinamia sikioni. "Ataimba nani?"

"Dada yangu."

"Mtaje. Hapo kwenye maiki."

Nikadhani anataka kunionyesha kwamba maiki inafanya kazi. Nikataja jina lake na la baba yetu. Mstari ukaruka. Ukatulia. Ukaruka tena, kisha tena... na mimi nilikuwa nimetaja mara moja tu.

Mzee akashusha bei kabla sijafungua mdomo. Wewe umewahi kuona wapi?

Nyumbani tulifunga dirisha, tukatundika blanketi mlangoni. Dada akavaa hedifoni, akakunja pua, akauliza kama nilipiga mswaki asubuhi. Nikaapa wallahi si mimi. Akacheka. Sijamsikia akicheka tena.

Nikampa ishara. Akaanza.

Ubeti wa kwanza niliusikia vizuri. Wa pili ukawa kama anaimba akiwa nyumba ya jirani. Wa tatu...

Midomo ilikuwa inacheza. Mishipa ya shingo imemtoka. Kwenye skrini mawimbi yanapanda kama milima.

Chumbani, kimya.

Macho yake yakanitafuta. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Haikusimama. Nikachomoa waya wa umeme. Haikusimama. Nikamvua hedifoni, nikazivaa mimi.

Dada yangu alikuwa humo. Anaimba kuliko alivyowahi kuimba. Na nyuma yake walikuwepo wengine, wanawake, wanaume, mtoto mmoja, wanamwitikia kama kwaya iliyokaa pamoja miaka mingi. Kisha wimbo ukakatika. Sauti yake ikaja karibu kabisa na sikio langu, ikanong'ona:

"Mdogo wangu... mbona huku kuna watu wengi hivi?"

Nikamtazama. Alikuwa amekaa mbele yangu, amefumba mdomo, machozi yanatiririka.

Skrini ikazima. Haijawaka mpaka leo.

Kulipokucha niliibeba mpaka dukani. Kufuli. Nikamuuliza fundi wa kuchomelea, mzee wa humu yuko wapi. Akaniambia kwa sauti ya chini nisimuulize habari za mtu huyo, akashusha kinga yake usoni, akaendelea kuchomelea. Daktari naye alimmulika dada kooni, akasema koo ni zima, apumzike, sauti itarudi.

Haikurudi. Siku hizi akinihitaji anagonga kikombe kwa kijiko.

Halafu redio ikapiga simu. Wimbo wameupokea, wameupenda, mkataba umeshasainiwa. Nikawaambia hatukutuma kitu. Msichana wa mapokezi aliyepiga akacheka, akasema umeletwa na msimamizi wa dada yangu, mzee mmoja nadhifu sana.

Sasa mtaa mzima unauimba ule wimbo, umegeuzwa tangazo la sabuni. Majirani wananipongeza. Nami namwangalia dada yangu, maana kila tangazo linapopigwa, mishipa ya shingo inamtoka. Akiwa anafua. Akiwa amelala. Jana wimbo ulipoisha walichelewa kukata, nikasikia pumzi, kisha sauti ya dada ikasema polepole, hewani, "Nimechoka."

Nyinyi wakubwa wa redio hiyo, mnajijua. Sitaki mshahara wake, sitaki pole zenu. Zimeni hilo tangazo. Mtajeni mzee aliyewaletea huo wimbo, mseme mlimlipa nini. Na sauti ya dada yangu irudi kooni mwake leo, kabla hamjasoma taarifa ya habari.