Maiti wa Siku ya Arobaini

"Shikamoo, mjomba. Leo maji yana moto kidogo," mhudumu wa mochwari alimwambia maiti, akaanza kumfuta mkono.

Mpiga picha nywele zilimsimama. Alikuwa akirekodi filamu ya maisha halisi kuhusu maiti wasiochukuliwa na ndugu zao. Wiki ya kwanza tu ya kazi alimpenda mwanamke huyu, na sasa walishaanza kuongelea ndoa.

"Unaongea naye kila siku?"

"Leo siku ya arobaini. Huyu ana dada, nakwambia. Jioni namlaza sawa, asubuhi nakuta kichwa kimegeukia mlangoni."

"Acha hizo bwana!"

Mwanamke hakucheka.

Nyumbani, mama wa mpiga picha hakutaka hata kusikia habari za ndoa hiyo.

"Muosha maiti aje kunipikia mimi? Labda niwe nimeshakufa!"

Mwanaume akanywea. Akatuma ujumbe: "Mama amekataa. Tuishie hapa. Nisamehe."

Jibu lilikuja hapohapo: "Sawa."

Kesho yake alikuwa sebuleni akihariri filamu yake kwenye kompyuta. Mama akapita nyuma yake na chai. Kikombe kikamponyoka.

"Rudisha nyuma! Huo mkono!"

Mkono ulikuwa na kovu la moto mpaka kwenye kiwiko, na kidole gumba kimepinda.

"Ni mdogo wangu," mama alinong'ona. "Tuligombana, akaondoka. Miaka kumi na tisa namtafuta."

Sauti ya mhudumu ikasikika kwenye spika: "Vumilia, mjomba. Dada yako yuko njiani."

Mama akakaa sakafuni.

"Amejuaje?"

Saa hiyohiyo wakaenda mochwari. Mhudumu akavuta droo, akasita. Kichwa kilikuwa kimelala sawa, uso juu.

"Leo hakugeuka," alisema taratibu.

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akamshika mhudumu mikono, na glavu zake zilizolowa maji.

"Siku zote hizi alikuwa na wewe tu?"

"Mimi tu, mama."

Mama akamgeukia mwanawe. "Na huyu ndiye uliyemwacha kwa meseji?"

"Mama, si wewe uliyekataa?"

"Nilikataa mimi. Wewe mdomo wako ulikuwa wapi?"

Mwanaume akamsogelea mhudumu. "Nilikuwa mwoga. Nakuomba unirudie."

"Mzikeni mjomba kwanza," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Halafu mje kwetu wote wawili. Wewe peke yako siwezi kukuamini."

Walimzika, na Jumamosi iliyofuata walikwenda kwao mhudumu. Mama ndiye aliyepiga hodi.